Cal Ripken hakuwa mahudhurio tu

Ukitaja jina la Cal Ripken Jr., mpenzi wa besiboli atakujibu kwa namba: 2,632. Ndiyo michezo aliyoicheza mfululizo akiwa na timu ya Baltimore Orioles ya Marekani, kuanzia Mei 1982 hadi Septemba 1998. Namba hiyo imemtukuza, na pia imemfunika.

Wanaomlaumu hawasemi ovyo. Msimu una michezo 162, karibu kila siku, na mwili si chuma. Wanadai aliiweka rekodi mbele ya timu, kisha wanakuonyesha wastani wake wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio yake ambayo alipiga mpira akafika besi salama: .252 mwaka 1987, .250 mwaka 1990. Siku kumi za kupumzika zingemdhuru nani?

Sawa. Lakini mwaka huohuo wa 1990, acha fimbo, tazama glovu. Ripken alikuwa shotistopu, pale kati ya besi ya pili na ya tatu, kunakopita mipira mikali. Katika michezo 161 alifanya makosa 3. Matatu, msimu mzima! Wapo wanaoyamaliza hayo kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Utaniambia asiyeufikia mpira hawezi kuukosea, na ni kweli, ila huyu alikuwa akiifikia: mwaka 1984 alikuwa na asisti 583, yaani mara alizougusa mpira na kumsaidia mwenzake kumtoa mpinzani, rekodi ya American League (moja ya ligi kuu mbili za Marekani) kwa nafasi hiyo. Na hakuwa mwepesi. Mwenye urefu wa sentimita 193 alionekana pandikizi mno kwa kazi ile. Siri yake ilikuwa kusoma: anamjua mpigaji, anajua mrushaji wake analeta mpira gani, basi anasogea mapema akausubiri.

Halafu ukaja 1991. Hakupumzika hata siku moja, akapiga .323 na homarani 34 (mapigo yanayompa mpigaji nafasi ya kuzunguka besi zote), akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi akiwa kwenye timu iliyopoteza michezo 95. Kama uchovu ndio uliomwangusha mwaka uliotangulia, huo uchovu ulikwenda wapi?

Kwa miaka ya mwisho ninawapa wakosoaji haki yao. Alikuwa ameshahamia besi ya tatu na kasi imepungua. Tarehe 20 Septemba 1998, akiwa na umri wa miaka 38, alimwendea meneja mwenyewe akamwambia leo sichezi. Wachezaji wa Yankees, wapinzani wa siku ile, walipoona nafasi yake ina mtu mwingine, walisimama wakampigia makofi.