Mchwa na mkaratusi Dodoma: tutie dawa au tubadili mti?

Mche wa mkaratusi ukinyauka ghafla mwezi wa sita, ung'oe uutazame. Mara nyingi utatoka bila kuvutwa kwa nguvu. Mzizi mkuu umetafunwa, na ganda limeliwa kuzunguka shina, usawa wa ardhi. Anayepanda miti ya nguzo Dodoma anaijua hasara hiyo, na ushauri anaopewa ni wa aina mbili.

Wa kwanza: tia dawa. Sio hoja nyepesi. Mkaratusi asili yake ni Australia. Haukuzoeana na mchwa wetu wa vichuguu, wale wanaootesha ukungu ndani ya makazi yao. Hata mche wenye afya huliwa. Kwa hiyo wanaodai kwamba mchwa hufuata mti dhaifu tu wanakosea hapa, ingawa ni kweli kwamba ukame, pamoja na mizizi iliyojikunja ndani ya kiriba (kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche), huzidisha hasara.

Ila dawa gani? Zamani aldrini na dieldrini zilichanganywa kwenye udongo wa viriba. Zilikinga miche vizuri kwa kuwa zilidumu ardhini miaka mingi, na kudumu huko ndiko kulikoziingiza kwenye orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Dawa za leo huisha nguvu mapema zaidi. Mimi sipingi kipimo kidogo ndani ya kiriba, maana hatari kubwa ni ya mwaka wa kwanza au wa pili. Mkaratusi ukishakomaa, mchwa wa huku ni nadra kuuua. Ninachokipinga kwa moyo wote ni kumwaga sumu kwenye kila kichuguu. Mchwa hao hao ndio wanaotoboa ardhi yetu ngumu, na mkoa unaopata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka unahitaji kila tundu la kuingiza maji. Tena watu huokota kumbikumbi hapo na kuwala.

Ushauri wa pili: badili mti. Mwarobaini na mjohoro nao ni wageni, kutoka Asia, lakini vimejaa Dodoma na vinastahimili. Tatizo ni soko. Mwarobaini hutanua matawi mapema na shina lake huwa fupi. Huwezi kumwambia anayetaka nguzo ndefu aupande, basi.

Kuna jambo linalosahaulika pande zote mbili: usafi wa shamba. Tunafagia na kuchoma kila jani kavu, tukiamini tunamfukuza mchwa. Kiangazi kikifika, chakula pekee kilichobaki shambani ni mche wetu. Ningeanzia hapo kabla ya kununua chupa yoyote: majani na mabua yabaki katikati ya mistari, hatua moja kutoka kwenye shina, na shina lenyewe liachwe wazi ili udongo wa mchwa uonekane mapema ukianza kupanda.