Kabla hamjamwamini chalii wa kaunta

Jamani, sikumpa mzungu mbwa. Narudia: SIKUMPA MBWA. Nilimpa mifupa. Chalii wa kaunta kashaisambaza mpaka mtaa wa Sakina hapa Arusha eti nilimletea mbwa koko kwenye kiroba, sasa ngoja niseme mwenyewe, ingawa masikio bado yanawaka.

Juzi jioni, Njiro, kwenye nyama choma ninapohudumia meza. Mama wa Kimarekani kaagiza kuku mzima, kala nusu, akaniita: "Dogi begi, plizi." Kiingereza changu cha shule ya msingi kikaamka: dogi ni mbwa, begi ni mfuko. Heri ningesikia "dogo", ningemwita dogo wa jikoni yakaisha. Nikasema moyoni, huyu mama ana utu, kamkumbuka mbwa wake. Ila kuku wa kienyeji kwa mbwa? Dhambi hiyo. Nusu kuku ikaenda jikoni, mimi na mpishi tukaimaliza kwa pilipili. Kisha nikazunguka meza sita kukusanya mifupa.

Hapa naomba msicheke. Kiroba cha unga, kinavuja mchuzi, nimekibeba kwa mikono miwili kama mshenga anayepeleka posa. Nikakitua mezani. Nikakifungua mdomo, aone sijampunja. Mama akachungulia. Akatoa ubavu wa mbuzi wenye alama za meno ya mtu. Akautazama. Akanitazama mimi. Akauliza, taratibu kabisa, kuku wake yuko wapi.

Nikafungua mdomo nijibu, nikabeua.

Ndiyo. Kuku akajibu mwenyewe. Mnaocheka nawaona.

Basi, bosi kaja, kuku mwingine kachomwa, mshahara wangu umepungua. Dereva wao ndiye aliyenieleza: kwao dogi begi ni chakula ulichobakiza, unafungiwa ukale mwenyewe nyumbani. Mbwa anasingiziwa tu. Usiku nikaingia Google, na nyie someni: mwaka 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, migahawa ya San Francisco ilikuwa inawafungia wateja mabaki ya kumpelekea mbwa kweli! Kwa hiyo sikukosea, nilichelewa tu miaka 80 na ushee. Bosi kaukataa huo utetezi.

Kiroba kakifaidi mbwa wa mlinzi. Tangu juzi ananisindikiza mpaka kituo cha vifodi, daladala zetu, na chalii wa kaunta anapiga picha.