Pata Potea

Kwenye gofu, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, kedi wangu, yaani anayenibebea fimbo, anaiita pata. Ninayo mwaka wa pili sasa, na sijapata kitu.

Jumamosi moja bosi alinialika kucheza naye. Shimo la kwanza tu, mpira wangu ukabaki kwenye grini, zile nyasi fupi za kuzunguka shimo, futi tatu. Futi tatu ni umbali wa mtu aliyekaa mkekani na sinia la pilau. Nikagusa, kifundo cha mkono kikajipindua chenyewe bila ruhusa yangu, na mpira ukalipita shimo kama daladala iliyojaa inavyopita kituo. Bosi akakohoa kidogo. "Mkono wako unatetemeka kama unasaini mkopo," akasema. Mkopo kweli ninao, ila sikudhani unaonekana hata kwenye grini.

Kedi akaichukua fimbo, akaikwaruza mshikio kwa kucha. "Kaka, gripu imekufa hii." Ilikuwa imekauka na kung'aa kama ndala iliyosahaulika juani.

Basi nikaanza kutafuta gripu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kuchagua mchumba ni rahisi zaidi. Kuna nyembamba yenye umbo la kitako cha bastola, ambayo inakupa hisia ya mpira mpaka vidoleni. Tatizo ni kwamba inakipa na kifundo cha mkono uhuru wa kufanya kinachotaka, na changu kilishaonyesha tabia zake. Kuna ya wastani. Halafu kuna nene, kama muhogo, ambayo kazi yake ni kuvituliza vifundo ili mabega ndiyo yasukume. Jamaa mmoja aliyekuwa na mzigo kutoka Dubai alinipigia debe la hiyo nene: "Yule Mkorea, K.J. Choi, alichukua shindano la The Players mwaka 2011 na gripu nene, mzee! Wewe nani uikatae?" Sikuwa na jibu. Bei yake ilikuwa ya gunia zima la mkaa.

Kabla ya kutoa hela nikajifanya mtaalamu. Niliazima pata za watu watatu, kila moja na gripu yake, nikapiga mipira 10 kwa kila moja kutoka sehemu ileile. Nyembamba iliingiza minne. Ya wastani minne. Nene minne. Kedi, aliyekuwa anahesabu, akaniangalia kwa huruma. Lakini mimi niliona tofauti: kwa ile nene nilikuwa nakosa kwa mstari ulionyooka. Nikanunua.

Nyumbani nikaipima kwa futikamba ya mke wangu ya kushonea, maana sheria za gofu zinasema unene usizidi inchi 1.75, na ile kitu ilinitia shaka. Ilipita. Pia mbele ina ubapa wa kulazia vidole gumba, jambo linaloruhusiwa kwenye pata peke yake. Fimbo nyingine gripu zake lazima ziwe mviringo. Nilimweleza mke wangu yote haya. Akauliza kama mkaa tutanunua lini.

Namna ya kawaida ya kuivalisha ni kukata ya zamani, kuzungushia chuma tepe yenye gundi pande mbili, kulowesha kwa tina, kisha kuisukuma gripu haraka kabla tina haijakauka. Nilipofungua tu kopo la tina jikoni, nikatolewa nje na kopo langu. Nikakumbuka kuna namna ya pili niliyoiona kwenye simu: unaichomeka gripu kidogo, unapuliza upepo kwenye kitundu cha kitakoni, inavimba, inateleza yenyewe mpaka mwisho. Upepo tu. Na Sinza nzima nani ana upepo kumshinda fundi pancha?

Fundi alikuwa chini ya mwarobaini wake na kompresa inanguruma. Aliigeuzageuza pata. "Hii ya pikipiki gani?" Nikamweleza. Akaitikia kama mtu aliyeelewa, kisha akauliza swali ambalo ningelijibu vingine leo hii tusingekuwa tunaongea: "Nikupe 30 ya Noah au 100 ya Fuso?"

Nikaitazama gripu ilivyo nene. "Ya Fuso."

Mimi nilishika chuma, yeye akashika gripu na kukandamiza mpira wa upepo kitakoni. Kwa sekunde moja kila kitu kilikwenda kama kwenye simu. Gripu ikavimba, ikasogea, mimi nikaanza kutabasamu. Halafu mkono wa fundi ukateleza. Nilisikia "pwaa!" Gripu ikampita fundi sikioni, ikavuka mtaro, ikapita juu ya kofia ya bodaboda aliyekuwa anakula, ikatumbukia wima ndani ya sufuria la maharage ya nazi la mama ntilie.

Kimya. Hata kompresa nadhani ilinyamaza.

Mama ntilie akachovya mwiko, akaitoa taratibu, ikichuruzika tui. "Hii ya nani?"

Fundi, niliyemwona kama ndugu dakika tano nyuma, alininyooshea kidole hata kabla swali halijaisha.

Nililipa sufuria zima. La kuudhi ni kwamba wateja hawakuondoka. Yule bodaboda akaomba aongezewe, akisema kwa kuwa yameshalipiwa, basi. Fundi naye alidai hela ya upepo.

Jioni kedi aliivalisha kwa tepe na tina, nje, dakika kumi, akaikagua ubapa umekaa sawa na uso wa fimbo. Niliiosha kwa sabuni mara tatu, nikaisugua na ndimu. Nazi haikutoka.

Jumamosi iliyofuata tukarudi na bosi. Nikaiweka pata chini pembeni ya grini ili nipige kwanza mpira uliokuwa kwenye nyasi ndefu. Nilipogeuka kuifuata, kunguru alikuwa ameshatua juu yake, anadonoa gripu kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Wawili wengine walikuwa wanasubiri foleni.

Bosi aliwatazama kunguru, akanitazama mimi, akavuta hewa puani.

Kedi akanisogelea, akanong'ona: "Kaka, niwafukuze au niwaletee wali?"