Nimesoma Kintu nikiwa upande wa Ntwire

Nimemaliza Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi na siku tatu hizi kichwa hakijatulia. Hii ndio riwaya iliyoshinda tuzo ya miswada ya wachapishaji wa Kwani? kule Nairobi mwaka 2013, ikachapishwa 2014, halafu 2018 mwandishi akapata na tuzo ya Windham-Campbell ya Marekani. Hapa Uganda ukiitaja unasikia mambo mawili. Wengine wanasema hatimaye tumepata riwaya yetu, wengine wanasema yenu nani, hiyo ni ya Buganda peke yake. Mimi nimezaliwa kambini Jinja, baba askari, nyumbani ni Kiswahili, Luganda nimekiokota sokoni tu, kwa hiyo yale malalamiko ya pili nilikuwa nayo moyoni kabla sijafungua ukurasa wa kwanza.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Mwaka 1750 Kintu Kidda, mtawala wa jimbo la Buddu, anasafiri kwenda kumsalimu kabaka mpya, yaani mfalme wa Buganda, na njiani pale nyikani Lwera anampiga kofi moja kijana Kalema aliyemlea kama mwanawe, kijana anafariki. Kofi moja tu jamani. Baba mzazi wa Kalema ni Ntwire, mgeni aliyetoka Rwanda, naye akishajua mwanawe hayupo tena anamlaani Kintu na kizazi chake chote. Kisha kitabu kinaruka mpaka 2004, tunakutana na wajukuu wa wajukuu, kila mmoja na mzigo wake, mpaka ukoo mzima unakutana wakati wa Pasaka kutafuta namna ya kuivunja ile laana.

Sasa wanaolalamika wana haki yao, tusiwadharau. Majina ni mengi na yanafanana, mapacha wanazaa mapacha, Babirye na Nnakato, majina ya mapacha wa kike, kila kona, na maneno ya Luganda yameachwa bila maelezo, ukiwa hujakulia kwenye mila hizo unasoma huku unauliza jirani. Kaskazini iko wapi? Sisi watoto wa kambi tuko wapi, ambao lugha yetu, Kiswahili, mpaka leo kuna watu wakiisikia mtaani wanashika mfuko wakidhani ni wezi? Vita na Amin vimo ila vinapita pembeni kama lori la usiku, na kwa sisi ambao baba zetu walikuwa ndani ya hizo sare hilo linauma.

Lakini hapo hapo ndio naona nguvu ya kitabu. Mwandishi amewahi kusema wachapishaji wa Uingereza walikikataa mwanzoni kwa sababu ni cha Kiafrika mno, na ukikisoma unaelewa, kwa sababu mkoloni hana kiti humu, kutoka 1750 unadondokea kwenye mji wetu wa sasa na kosa lililoharibu ukoo ni letu wenyewe, mkono wetu na kofi letu. Nimesoma riwaya nyingi za Afrika ambazo bila mzungu hakuna hadithi. Hii inasimama, na inasimama kwa kukaa sehemu moja, ingejaribu kubeba makabila yote ya Uganda ingekuwa hotuba ya siku ya uhuru.

Halafu kuna Ntwire. Naona wengi wanampita haraka lakini mimi nilikwama kwake. Laana inayotikisa Buganda karne mbili na nusu imetoka mdomoni mwa mgeni, mtu aliyepokelewa vizuri, akapewa pa kuishi, mtoto wake akalelewa na wakubwa, na siku mtoto anakufa anafichwa habari kana kwamba yeye si mzazi! Mtu yeyote aliyewahi kuulizwa "na wewe kwenu ni wapi hasa" anajua hicho kidonda kiko wapi. Kwa hiyo wanaosema kitabu kimewafungia mlango wasiokuwa Baganda, naomba warudi wamsome tena huyu mzee.

Kuhusu laana yenyewe, je ni laana kweli au ni ugonjwa wa akili wa kurithi, ukimwi na umaskini? Mwandishi hataki kusema. Kati ya wale wa ukoo wa 2004, Isaac Newton Kintu anaogopa majibu ya kipimo cha ukimwi, Kanani na wokovu wake hataki hata kusikia mambo ya mizimu, na mwanzoni kabisa Kamu, naye wa ukoo huo, anauawa na watu Bwaise, mtaa wa Kampala, asubuhi kwa sababu kuna aliyepiga kelele kwamba ni mwizi. Hapo hauhitaji laana, tumeyaona. Rafiki yangu anasema huko ni kukwepa jibu. Mimi naona ni ukweli, kwa sababu hata nyumbani kwetu mtu akiugua tunampeleka hospitali na bado usiku shangazi anauliza nani alimkosea nani.

Jumamosi nilipanda taksi kwenda Masaka, tukapita Lwera, sasa ni matope na mashimo ya mchanga na malori, wenzangu wanasubiri tu tufike Lukaya wanunue muchomo na gonja, nyama na ndizi za kuchoma, kupitia dirishani. Nikafungua tena zile kurasa za mwanzo kutafuta Ntwire amesema nini. Ni maneno machache mno. Hilo ndilo deni ninalomdai mwandishi, ningetaka kurasa ishirini za huyo baba akiwa peke yake, anamtafuta mwanawe njia nzima.