Siku 90 zilizoisha kwa dakika kumi

Najua rafiki yangu Kiduku ameshawahi kuwasimulia. Kijiwe kizima cha kahawa pale Majengo mnasema nilizimia ofisini kwa watu. Sikuzimia. Nilikaa ghafla, kiti hakikuwepo.

Ile programu ya tiketi za basi siitaji jina. Ukifungua tiketi yako, mwisho wa anwani ya ukurasa kuna namba. Badilisha tarakimu moja tu, inakuja tiketi ya mtu mwingine: jina, simu, siti, kila kitu. (Niliangalia moja tu, jamani. Haya, mbili.)

Nikawaandikia wenye programu. Wakajibu: "Mpendwa mteja, zima simu kisha uwashe." Nikazima, nikawasha. Wiki mbili kimya. Sasa mimi nilishasoma kwamba watafiti wa Google wanaosaka kasoro za programu, wale wa Project Zero, huipa kampuni siku 90 izibe tundu kabla hawajalianika hadharani. Kiherehere kikanipanda, nikaandika: "Nawapa siku 90." Basi. Hata salamu sikuweka.

Kesho yake simu: njoo ofisini, mjini hapahapa. Nikajua zawadi hiyo. Nikaazima koti la shemeji.

Chumbani watu saba, na mwanasheria. "Tuonyeshe, kijana." Nikachomeka kompyuta kwenye projekta, nikabadilisha namba. Ukuta mzima: HUNA RUHUSA. Nikajaribu nyingine. HUNA RUHUSA. Kumbe wamekesha wanaziba! Fundi wao anatazama dari kama anahesabu mbao. "Mfumo wetu uko salama siku zote," anasema. Jasho linanitoka, na huu mwezi wa saba, nyie wa Dodoma mnaijua baridi yake.

Mwanasheria akachukua barua yangu. "Unatupa siku 90. Zikiisha?"

Nikafungua mdomo. Na hapo, taratibu, pembeni ya ukuta, kikachomoza kijisanduku. WhatsApp. Kiduku. Herufi kubwa kama bango la kampeni:

"Wametoa ngapi? Usishuke milioni 5. Wakigoma WAANIKE."

Hakuna aliyekohoa. Mama mmoja alikuwa na kikombe cha chai mdomoni. Akakishusha polepoleee, kama kina nyoka. Mwanasheria akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma upya. Mimi nabonyeza kufunga, kishale kinakimbilia kwingine. Kikaingia cha pili: "Na yangu laki 5 usisahau."

"Kijana, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 unaifahamu?"

Ndipo nilipokaa.

Yaliyobaki mafupi: nikaeleza, nikaapa, nikasaini barua ya kuomba radhi, yule mama akanitetea, nikapewa maji ya chupa na fulana yenye nembo yao. Msinicheke. Mwaka 2013 Yahoo ilimpa mtafiti vocha ya dola 12.50 kwa kila kasoro, tena ya kununulia vitu dukani kwao wenyewe. Mimi angalau sikuambiwa nikanunue dukani kwao.

Koti la shemeji limechanika mgongoni. Na Kiduku bado anadai mgao wake. Nimemwambia achague mkono wa fulana, wa kushoto au wa kulia.