Sindano Iliyopigwa Marufuku

Mwaka 1995, wazee wa Wadhebaria, tawi mojawapo la wafugaji wa Kirabari katika wilaya ya Kutch, magharibi mwa India, walipitisha uamuzi ambao wapenzi wa nguo hawajaacha kuusikitikia mpaka leo: wanawake wao wasijidarizie tena nguo kwa mkono. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliwalaani wazee wale kimoyomoyo. Hasira hizo ninazo bado, ila zimehama, na ningependa kueleza zimehamia wapi.

Nguo zenyewe ni za kutazamwa kwa utulivu. Mwanamke wa Kirabari hujitanda mtandio mzito wa sufu nyeusi, na simulizi mojawapo yasema kwamba weusi huo ni msiba wa kale ambao matanga yake hayajaondolewa. Chini ya mtandio huvaa blauzi iliyo wazi mgongoni na sketi pana, na mwanamume huvaa koti jeupe lenye marinda mengi. Sufu hutoka kwa kondoo wanaowachunga wenyewe, lakini kwa desturi kitambaa hufumwa na Wavankar na kutiwa rangi na Wakhatri, hata mtandio mmoja ukawa umepita katika mikono ya jamii tatu kabla haujafika kichwani. Darizi ndiyo iliyobaki kuwa ya Mrabari mwenyewe. Mwanamke huanza kwa mshono wa mnyororo, akachora kasuku, tausi, nge, ngamia, au mwanamke aliyejitwika mtungi. Kisha hupachika vipande vya vioo, vingine vya duara, vingine vya pembetatu, vingine vyenye umbo la mdomo wa ndege, ndipo hujaza rangi. Kinachonishangaza zaidi ni bakhiya, mshono mwembamba unaopambia maungio ya nguo. Fundi wa kawaida huyaficha maungio. Mrabari huyapamba, kana kwamba anataka ujue nguo iliunganishwa wapi na nani.

Sasa tuje kwenye kisa cha marufuku. Kwa Warabari, msichana hakwenda kwa mumewe mikono mitupu. Alipaswa kwenda na nguo, mifuko na mapambo ya nyumba aliyoyadarizi mwenyewe, na hapo msomaji wa pwani yetu asichanganye na mahari, kwa kuwa mali hii hutoka upande wa mwanamke. Zamani, wafugaji walipokuwa wakihamahama na ngamia wao, mzigo wa bibi harusi ulikuwa na mpaka wake, maana kila kilichodariziwa kilipaswa kubebwa njiani. Wengi walipoanza kukaa mahali pamoja, mpaka huo ukaondoka. Madai ya upande wa mume yakazidi, idadi ya vipande ikapanda, na wasichana wakawa wanashona mwaka baada ya mwaka huku safari ya kwenda kwa waume zao ikiahirishwa. Wazee walipoona ndoa zinachelewa namna hiyo, wakaikataza darizi.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Tatizo lilikuwa ni madai ya wakwe, na madai yangeweza kuwekewa kiwango: vipande kadhaa, basi. Badala yake adhabu iliangukia sindano, kitu pekee katika mpango wote ambacho mwanamke alikimiliki na kukijua kuliko mtu yeyote mwingine katika jamii yake. Hata hivyo siwezi kujiunga na wanaoomboleza kana kwamba wazee walichoma maktaba. Wengi wa waombolezaji hao huitazama nguo ikiwa imetundikwa ukutani katika jumba la makumbusho, nao hawaulizi kwamba nge yule mmoja wa nyuzi nyekundu alikula jioni ngapi za binti aliyekuwa amekwisha kuchunga, kuteka maji na kupika. Anayetaka darizi iendelee kwa gharama ya ujana wa mtu mwingine hana tofauti kubwa na mkwe aliyekuwa akidai kipande kimoja zaidi.

Nasema hivi nikijua kwamba sisi wa pwani tuna lawama yetu. Kofia ya viua, ile inayotobolewa vitundu vidogo na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, huchukua muda mrefu kumalizika, na kila Idi nawasikia watu wakilalamika kwamba kofia za mashine zimejaa sokoni. Walalamikaji haohao, akitokea mshonaji akataja bei inayolingana na kazi yake, hushtuka na kumwomba apunguze. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo, na kofia niliyoondoka nayo siku ile ilikuwa ya mashine.

Wanawake wa Kidhebaria hawakukaa kusubiri rehema ya wazee wala ya makumbusho. Walichukua utepe wa kiwandani, lesi, kamba za kumetameta na vitambaa vya dukani, wakaanza kuvipanga juu ya nguo na mifuko kwa cherehani, wakifuata jicho lilelile lililokuwa likipanga vioo na kasuku. Wako wanaoona kazi hii kuwa takataka za kiwandani. Mimi naiona kuwa ya Kirabari kabisa, kwa sababu ukitazama jinsi mistari inavyofuatana na jinsi maungio yanavyozidi kupambwa badala ya kufichwa, unamtambua bibi yao aliyeishona blauzi ya bakhiya. Tena inamalizika kwa siku chache.

Jambo moja ndilo linalonikera hata sasa. Marufuku ilihusu nguo zao wenyewe, haikuhusu kazi ya kuuza. Kwa hiyo mwanamke wa Kidhebaria aliweza kukaa kivulini akidarizi kwa mkono mfuko wa mteja wa mbali, kwa nyuzi na vioo alivyofundishwa na mama yake, huku nguo aliyoivaa yeye ikiwa imepambwa kwa utepe wa dukani. Mteja alipata tausi. Yeye alipata ujira wa vipande alivyomaliza, na kuhusu ukubwa wa ujira huo ningependa kuwasikia wapenzi wa nguo wakizungumza kwa bidii ileile wanayoitumia kuwalaumu wazee.