Tuache kuchagua mafuta ya uso kwa rangi

Simama kidogo kwenye duka lolote la vipodozi pale Kariakoo, usikilize. Dada anaingia, anasema chunusi zinamsumbua, anataka kitu cha uso. Muuzaji anamtazama, anamwambia, "Wewe ni maji ya kunde, dada'angu, chukua hii." Kopo linashushwa, hela inatoka, biashara imekwisha. Hajaulizwa kama uso wake unatoa mafuta mchana, kama ngozi inakaza akitoka kuoga, wala kama inamwasha akibadili sabuni.

Hili linaniuma, kwa sababu rangi haimwambii muuzaji chochote kati ya hayo. Rangi inatokana na melanini, kile kitu ndani ya ngozi kinachoipa weusi. Aina ya ngozi ni habari nyingine: tezi zako zinatoa mafuta kiasi gani, na tabaka la juu linashika maji vizuri kiasi gani. Watoto wa tumbo moja, weusi sawasawa, mmoja anaweza kuwa na uso wa mafuta na mwenzake mkavu. Ukiwapa kopo moja, mmoja utamharibu.

Kujua aina yako hakuhitaji hela. Osha uso kwa sabuni laini isiyo na manukato, jikaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha usipake kitu. Kaa kama saa moja kivulini, mbali na moto wa jikoni. Halafu chukua tishu, ibandike kwenye paji la uso, pua, kidevu na mashavu. Ikilowa mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta. Ikilowa kwenye paji, pua na kidevu tu, una mchanganyiko, kama walivyo wengi. Ikitoka kavu na uso unakaza au umeparara, una ngozi kavu. Usiposikia lolote la kukusumbua, ngozi yako ni ya kawaida, na mwenye ngozi hiyo ajihadhari na kununua vitu asivyovihitaji. Unyeti unaweza kumpata yeyote kati ya hawa: ngozi inawaka au inawasha kwa vitu ambavyo wengine wanapaka bila shida.

Wenye ngozi ya mafuta ndio tunaowatesa zaidi. Tumejiaminisha kwamba kung'aa ni uchafu, basi kijana akianza kutoa mafuta anaambiwa ajisugue. Anaoshea uso sabuni ya mche, anapaka ndimu, wengine hata spiriti. Lakini tezi za mafuta zinaamshwa na homoni, ndiyo maana chunusi huanza wakati wa balehe, hata kwa mtoto msafi kuliko wote nyumbani. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) ni karibu na 5, na sabuni nyingi za kipande ziko kwenye 9 au 10. Ukiisugulia kila siku, ngozi inapoteza kinga yake, inakauka juu huku mafuta yanaendelea kutoka chini. Ndimu nayo, ukitoka nayo juani, inaweza kukuunguza na kukuachia alama nyeusi.

Kwa ngozi zetu nyeusi, chunusi iliyotumbuliwa au kusuguliwa huacha doa, na doa hilo linaweza kukaa miezi mingi. Hapo ndipo mkorogo unapopata mlango. Dada yule anarudi dukani, safari hii kwa ajili ya madoa, na anauziwa kitu cha "kung'arisha". Ndani yake mara nyingi mna haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua), zebaki, au steroidi kali ambazo daktari humwandikia mgonjwa kwa muda mfupi. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na bado vikopo vinauzwa. Mtu alianza na ngozi ya mafuta tu, akaishia na ngozi nyembamba, nyeti, isiyovumilia jua.

Na aina yenyewe inabadilika. Aliyezoea joto la Tanga akahamia Njombe, ikifika Juni anashangaa uso umeparara. Apake mafuta ya mgando kidogo ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Yanazuia maji yasipotee. Mwenye uso wa mafuta akiyapaka usoni huko Dar atajisikia amefunikwa na nailoni, na kwake losheni nyepesi inatosha. Ujauzito unabadilisha ngozi, umri pia. Kwa hiyo rudia kile kipimo cha tishu kila unapoona uso umebadilika, kabla hujabadili kopo.

Nawaomba wauzaji, ambao wengi ni dada zetu na wanaaminiwa kuliko daktari, waanze na maswali matatu: mchana uso unang'aa wapi, ukitoka kuoga unakaza, na ni kitu gani kimewahi kukuwasha? Kopo lisilo na orodha ya viambato wasiliuze kabisa.

Kwa aliyekwisha tumia mkorogo muda mrefu, asiuache ghafla peke yake. Zikiwamo steroidi, uso unaweza kuwaka, kuvimba na kujaa vipele siku chache baadaye, naye akadhani dawa ni kuurudia. Aende kwa daktari wa ngozi, na vile vikopo vyote avibebe, hata anavyoona aibu kuvionyesha.